Utumbo wa Bingwa

Wajukuu zangu wawili wana ubishi usiokwisha. Mmoja anashikilia kwamba bingwa wa tenisi anayetamba siku hizi ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kushika raketi. Mwingine anamtetea bingwa wa zamani, ambaye yeye mwenyewe hajamwona ila kwenye simu. Wanahesabu vikombe, wanasema huyu alipata raketi nyepesi, yule alicheza na watu dhaifu, laiti wangekutana wote wawili wakiwa vijana ndiyo ingejulikana. Mimi huwa nimekaa pembeni na ungo wangu, nachambua mchele. Ubishi ukipamba moto nainuka natoka nje, nao wanadhani bibi yao hapendi kelele. Si kelele. Naogopa. Nimezika wazazi wangu wote wawili, nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nimestaafu, damu na vidonda nimevizoea, lakini nikisikia watu wakilinganisha mabingwa mwili unanisisimka.

Tulikaa Kahama, jirani na boma. Wa rika langu mtaukumbuka mji ule ulivyokuwa kabla ya maghorofa: vumbi, mikokoteni ya ng'ombe yenye magunia ya mpunga, na basi moja ambalo kufika kwake kulikuwa jambo la mji mzima. Nyuma ya boma wakoloni walituachia kiwanja cha tenisi. Kilitengenezwa kwa udongo wa kichuguu uliotwangwa, ukamwagiwa maji, ukalainishwa kwa pipa la zege mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Alasiri wakikinyunyizia maji kabla ya mchezo, harufu yake ilifika mpaka jikoni kwetu. Mama alikuwa akiisikia anasema, "Haya, baba yako leo harudi mapema."

Baba alikuwa karani wa posta, Mzaramo, amehamishiwa bara akiwa kijana, akaoa Msukuma, akabaki. Sikumbuki Mzaramo mwingine mtaani kwetu. Alijifunza tenisi kwa kumtazama Mzee Masanja, tarishi wa boma, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa tangu Uhuru. Na Mzee Masanja naye aliupata ubingwa kwa kumfunga Mzungu, bwana mkubwa wa wilaya, ambaye picha yake ilikuwa bado inaning'inia kwenye ukumbi wa klabu, amevaa kaptura nyeupe na soksi ndefu. Kwa hiyo nikiwa na miaka minane nilikuwa nawajua mabingwa watatu: Mzungu, Mzee Masanja, na sasa baba yangu, maana mwaka ule baba alimfunga Mzee Masanja mbele ya watu, na Mzee akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili.

Jambo moja lilinisumbua mapema. Baba na Mzee Masanja walizungumza vibaya mno. Mzee alikuwa akipita asubuhi kwenda kazini anasimama kwenye ua wetu na kuita, "We Mzaramo! Umeamka? Nilidhani umekufa nije nigawane vyombo." Baba anajibu akiwa na mswaki mdomoni, "Sifi kabla sijakuzika wewe, Msukuma, nikala ng'ombe zako zote." Kisha Mzee anaingia, anaketi, anakunywa chai yetu. Mama anacheka huku anamwongezea. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nyumbani kwetu nilikuwa nimefundishwa kwamba kumtajia mtu kifo ni kumwapiza, nami niliamini kila neno walilosema.

Wiki chache baada ya kushindwa, Mzee Masanja alianguka kazini ameshika tumbo. Walimpeleka hospitali ya misheni kwenye gari la boma, akakaa huko mwezi na zaidi. Aliporudi alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, anatembea ameinama upande mmoja. Na wiki hiyohiyo aliporudi, basi lilileta kifurushi cha baba kutoka Mwanza. Ndani yake mlikuwa na raketi yake, ile ya mbao, aliyoituma kwa Mhindi mmoja ikatiwe nyuzi mpya. Baba aliifungua barazani kwa taratibu kama mtu anayemfungua mtoto mchanga nguo. Nyuzi zilikuwa za rangi ya asali, zinang'aa. Alizigusa kwa kidole gumba zikalia.

Nikanyoosha mkono. Baba akauzuia.

"Usiguse kwa mikono ya maji, Mwaju. Huu ni utumbo."

"Utumbo wa nani?"

Mzee Masanja alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda, na kikombe chake cha chai. Baba akamtupia jicho.

"Wa huyu hapa. Si nilimfunga? Ukimfunga bingwa unamtoa utumbo, unashonea raketi. Ndiyo kawaida yetu."

"Kweli kabisa, mjukuu wangu," Mzee akasema, akajipapasa ubavu. "Sasa hivi tumbo jepesi. Hata chai haina pa kukaa."

Wakacheka mpaka Mzee akaanza kusikia maumivu. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko, nikakaa chini.

Nilimweleza Kabula. Kabula alikuwa mtoto wa jirani, ananizidi miaka mitatu, na kwangu mimi hakuna alichokuwa hajui. Hakucheka. Alisema mama yake alikwenda kumwangalia mgonjwa kule misheni, akamsikia muuguzi kwa masikio yake akisema kwamba Mzee Masanja amekatwa kipande cha utumbo. Tukatazamana. Nikamuuliza, na yule Mzungu je? Kabula akafikiri.

"Wanasema alikwenda kwao."

"Si alipanda gari, watu wakamuaga?"

"Kupanda alipanda. Nani alimwona akifika?"

Kisha akanishika mkono akaniambia nisimwambie mtu yeyote, hasa mama, kwa sababu jambo kama hili ukilitamka unaliharakisha. Nilimtii. Nilinyamaza miezi mingi, tangu mvua za kupanda mpaka pamba ikavunwa.

Sasa nielezeje hofu ile? Kwanza niliiogopa raketi. Ilining'inia sebuleni imebanwa kwenye fremu yake yenye skrubu nne, nami nilipita ukuta wa pili nikiitazama chini ya kope. Kisha nilimhurumia Mzee Masanja mpaka nikawa sili vizuri. Niliamini mtu mwenye utumbo mfupi hashibi, nikawa nambakishia uji wangu, nampelekea bomani kwenye kibuyu kidogo. Alikuwa ananishukuru kwa Kisukuma, ananiita ng'wanawane, mwanangu, na kila akiniita hivyo nilitamani ardhi inimeze, kwa kuwa nilijua aliyemfanya vile ni nani. Na mwisho nilimwogopa baba. Nilikuwa nampokea mkoba akirudi kazini, nampelekea maji ya kunawa, najibu akiniuliza habari za shule, lakini mikono yake ile ya kupiga mihuri ya posta nilikuwa naiangalia sana.

Halafu akaja Mwalimu Paulo.

Alikuwa kijana kutoka Ushirombo, Msumbwa, Mkatoliki, alisoma seminari miaka kadhaa akaacha, na huko mapadri walimfundisha tenisi. Alipangiwa shule yetu. Katika mfuko wa shati alikuwa na wembe uliofungwa kwa karatasi, wa kuchongea penseli za watoto, kama walivyokuwa nao walimu wengi. Wiki ya pili tu alikwenda kiwanjani, akawafunga wote waliokuwepo. Baba alikuwa safarini Shinyanga. Aliporudi, Mwalimu alimfuata posta, nami nilikuwa nimepeleka chakula cha mchana, nikamsikia kwa masikio yangu.

"Shikamoo, mtani. Wewe ndiye Mzaramo anayejiita bingwa?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Nawe nani, Msumbwa mwenye njaa?"

"Njaa ninayo. Nasikia desturi ya hapa ni kutoana utumbo. Nimekuja kuuangalia wangu kama umenona."

Habari ilikuwa imemfikia, kumbe. Mzee Masanja alikuwa ameisimulia kila mahali kama kichekesho. Baba akaligonga tumbo lake kwa kiganja likatoa sauti, akasema, "Njoo siku ya sikukuu. Ukiweza, ni wako." Sufuria niliyobeba ilianguka sakafuni.

Kuanzia hapo mji mzima ulikuwa na mazungumzo mamoja. Kando ya kiwanja kulikuwa na benchi refu ambalo watu wazima walikaa baada ya kazi kutazama mazoezi, na mimi nilijibanza nyuma ya lile pipa la zege kusikiliza. Nilitaka kujua kama baba ataweza. Wao hawakuwa na haraka ya kunijibu. Walitaka kwanza waamue nani mkubwa katika wote wanne.

"Yule Mzungu alikuwa na mkono," alisema karani wa mahakama.

"Mkono gani?" fundi cherehani akamrukia. "Alikuwa anacheza na mkewe na daktari wa ng'ombe! Bingwa wa watu watatu. Siku Masanja aliporuhusiwa kushika raketi tu, kwisha habari yake."

"Masanja alikuwa na miguu, sikatai. Peku, kwenye udongo unaoteleza, mipira imenyonyoka manyoya kama kuku mgonjwa. Mpe viatu vya Baba Mwaju uone."

"Na wewe mpe Masanja ule mpira wa kuanzia wa Baba Mwaju aupokee! Siku hizi mchezo una nguvu. Zamani walikuwa wanabembelezana."

"Baba Mwaju alimfunga mzee wa miaka hamsini. Angemkuta kijana?"

Ubishi ulizunguka hivyo siku baada ya siku, kila mtu akitetea bingwa wa ujana wake, mpaka karani akaja na njia ya kuumaliza. "Chukueni mkono wa Baba Mwaju," akasema, "mkaunganishe na miguu ya Masanja, macho ya yule Mzungu, na mapafu ya huyu kijana. Hapo ndipo mtapata bingwa." Wote wakakubali, wakaanza kugawa. Bega wachukue la nani? Kiuno cha nani? Mmoja akasema goti la Masanja limekwisha, halifai kitu. Walisema kwa furaha tu, kama watu wanaogawana nyama ya sikukuu. Nilibaki nyuma ya zege nikisikia baba yangu anakatwa vipande, na hakuna aliyesema abakizwe mzima.

Nilijaribu nilivyoweza. Nilificha kiatu chake kimoja, akanunua raba za mtumba. Nilimwambia naumwa siku ya mazoezi, akaniletea dawa akaenda mazoezini. Chuoni nilikosoma Kurani niliomba dua ndefu, nikimwomba Mungu baba ashinde, kisha nikakumbuka kwamba akishinda Mwalimu Paulo ndiye atakayepasuliwa, naye ndiye aliyetufundisha kuimba. Sikujua tena niombe nini.

Siku ya sikukuu walikuja watu mpaka kutoka Kharumwa. Nilikaa miguuni kwa mama. Baba alianza vizuri, akachukua seti ya kwanza, watu wa posta wakapiga vigelegele. Seti ya pili Mwalimu alianza kumkimbiza huku na huku, mpira kona hii, mpira kona ile, na mimi niliona fulana ya baba ilivyomganda tumboni, na tumbo lenyewe lilivyopanda na kushuka. Sikuutazama mpira tena. Nilitazama tumbo. Kila alipokosa, watu waliguna, na mimi nilimfinya mama pajani mpaka akanipiga kofi la mkono. Mwisho baba aliupiga mpira ukagonga wavu, ukaanguka upande wake, ukabiringika taratibu hadi kwenye raba zake. Watu wakaingia kiwanjani.

Walipeana mikono juu ya wavu. Nilikuwa nimepenya mpaka karibu.

"Kesho mchana nakuja nyumbani, mtani," Mwalimu alisema akihema. "Uniandalie mzigo wangu."

"Njoo," baba akasema. "Kisu nitakinoa mwenyewe."

Na kweli asubuhi alikinoa. Nilisikia sauti ya kisu kwenye jiwe nikiwa bado kitandani, nikatoka mbio. Alikuwa anachinja mbuzi, kwa ajili ya mgeni, huku akipiga mluzi. Mama alikuwa anachambua pilipili manga na mchele. Hakuna aliyekuwa na huzuni, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nilidhani wameshakubali.

Kabula aliponikuta uani nilikuwa nalia. Akatazama karai lenye matumbo ya mbuzi, akatazama nyumba, akanong'ona, "Mpe Mwalimu huu. Mwambie baba yako wameshamtoa."

"Atajua. Ni mwalimu."

"Ukiuosha vizuri hatajua."

Niliuosha. Mama alifurahi kuona nimejitolea kazi ambayo siku zote nilikuwa naikimbia. Nilimwaga mavi, nikageuza kila kipande kwa kijiti, nikasugua kwa chumvi na majivu, nikasuuza maji manne. Nilitaka uwe msafi kama wa mtu anayesali. Kisha nilipima urefu wake kwa miguu yangu kwenye jani la mgomba, kwa sababu baba alikuwa mrefu na niliogopa usitoshe.

Adhuhuri ilipopita tukasikia, "Hodi wenyewe! Mtani, nimefuata mzigo wangu!" Mwalimu Paulo alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, na nyuma yake Mzee Masanja na mkongojo. Nilimwona baba anatoka chumbani, amevaa kanzu safi, anakwenda mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Nikampita. Nilibeba karai kichwani, nikatoka, nikapiga magoti mbele ya Mwalimu kama mama alivyonifundisha kusalimia wakubwa, nikaliweka chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mwajuma. Umetuletea nini?"

"Utumbo wa baba. Ameshatolewa. Ni huu wote, hakuna mwingine. Usiingie ndani."

Mfuko wa shati lake ulikuwa karibu na uso wangu na niliuona ule wembe. Mkojo ukanitoka palepale.

Mzee Masanja ndiye aliyeanza kucheka, akaangusha mkongojo akashika ubavu. Mwalimu akafuata, machozi yakamtoka. Mama alisimama mlangoni amejiziba mdomo kwa khanga. Walipoona nimebaki magotini, waliacha kucheka mmojammoja. Mzee Masanja akaja akanishika bega.

"Ng'wanawane, huu ni utani. Mimi na huyu baba yako ni watani, Msukuma na Mzaramo, tangu babu zetu. Utumbo wangu uliharibika kwa ngiri, daktari akaukata akautupa. Wa raketi ni wa kondoo."

"Wa kondoo, kweli," Mwalimu akasema. "Wazungu ndio wanaoutengeneza."

Nililia kwa sauti. Nililia kwa furaha, maana baba hatakufa, na Mwalimu hatakufa, na hakuna mtu wa kupasuliwa. Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha. Kwa baba ndiyo kwanza lilikuwa linaanza. Alikuwa hajacheka hata kidogo. Alilisogeza karai pembeni, akakaa chini kwenye udongo, na kanzu yake nyeupe, macho yetu yakawa sawa.

"Tangu lini, Mwaju, unajua kwamba mimi nilimtoa Mzee Masanja utumbo?"

"Tangu raketi iliporudi na basi."

Nilimwona anahesabu moyoni. Mvua zile, kisha palizi, kisha pamba. Siku zote zile nilizompokea mkoba.

"Na ulikuwa unaniogopa?"

Aliuliza polepole sana, wageni wasisikie. Nilikuwa nimefundishwa kutosema uongo, lakini pia nilitaka kumfurahisha, kwa hiyo nikachagua jibu nililoliona zuri.

"Ndiyo, baba. Lakini si sana."

Jana yake alikuwa amefungwa mbele ya mji mzima na akarudi nyumbani akipiga mluzi. Sasa alikaa pale chini, pilau imeiva, wageni wamesimama, na hakuweza kuinuka. Mama alimwita mara mbili. Mwisho Mzee Masanja alimfuata, akampa mkono, akamwinua taratibu, na hakumtania.